Maradhi Yaeneayo na Imani ya Watu kwa Wenye Mamlaka Katika Pwani ya Mtwara na Mlango wa Ruvuma

I. Nchi na swali lenyewe

Madimba ni kata ya Wilaya ya Mtwara, iliyo kusini-mashariki ya mji wa Mtwara katika njia iendayo Msimbati. Upande mmoja iko Ghuba ya Mnazi, na kusini yake mto Ruvuma waingia baharini kwa kupita katikati ya mikoko mingi. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Mpaka huo uliwekwa na Wazungu katika karne ya 19, lakini watu wa pande mbili hawakuacha kuvuka. Wamakonde wako huku na huko, na Kimwani kisemwacho katika pwani ya Cabo Delgado ni jirani wa karibu sana wa Kiswahili. Mahali kama hapo maradhi hayajui mpaka, wala habari zake hazijui mpaka.

Husemwa mara nyingi kwamba maradhi makubwa yaeneayo nchi nyingi kwa wakati mmoja huvunja imani ya watu kwa serikali zao. Historia ya pwani hii yaonyesha kwamba neno hilo ni kweli kwa nusu tu. Maradhi hayaji mahali patupu. Huwakuta watu na kumbukumbu zao, na huipima imani iliyokwisha kuwekwa au kutumiwa kabla yake. Tena imani yenyewe si kitu kimoja. Iko imani ya mtu aaminiye kwamba serikali itamwacha aendelee na shamba lake, mashua yake na mazishi ya nduguye. Na iko imani ya mtu akubaliye serikali imguse mwili wake kwa sindano. Ya kwanza yaweza kuwapo pasipo ya pili. Wenye kuichanganya imani ya kuachwa na imani ya kuguswa hushangaa wanapoona watu walewale waliomsifu kiongozi leo wakiikataa dawa yake kesho.

Majina ya maradhi na ya dawa zake ni ushahidi mwema katika jambo hili, maana jina halishiki mpaka asemaye na asikiaye wameafikiana. Kwa hiyo habari zifuatazo zafuata matukio, na pamoja nayo zafuata maneno.

II. Vita na homa ya mwaka 1918

Homa kuu ya mwaka 1918 iliikuta pwani ya Ruvuma imekwisha kuchoshwa na majeshi. Katika Aprili 1916 Wareno waliteka Kionga, kipande kidogo cha nchi kusini ya mlango wa mto ambacho Wajerumani walikuwa wamekitwaa mwaka 1894. Septemba ya mwaka huohuo Waingereza waliingia Mikindani na Lindi kwa njia ya bahari, na Wareno wakavuka Ruvuma, wakafika Newala, kisha wakarudishwa nyuma kabla mwaka haujaisha. Oktoba 1917 yalipiganwa mapigano makali ya Mahiwa, nyuma ya Lindi. Novemba 1917 jemadari wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alivuka mto kwenda Msumbiji, na mwishoni mwa Septemba 1918 akavuka tena kurudi kaskazini. Kila jeshi lililopita lilitaka chakula na mabega ya watu.

Mabega hayo ndiyo habari kubwa ya vita hivyo. Wapagazi waliotumikishwa upande wa Waingereza na wenzao walikaribia milioni moja, na waliokufa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walikuwa kama 95,000, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo wala si kwa risasi. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza liligeuzwa na watu kuwa Kariakoo, na mtaa wa Dar es Salaam ulioitwa hivyo ungali waitwa hivyo. Ni wachache leo wapitao sokoni Kariakoo ambao hukumbuka kwamba wanataja jina la wapagazi.

Homa ilifika Afrika ya Mashariki katika miezi ya mwisho ya mwaka 1918, kwa meli zilizotia nanga Mombasa, kisha kwa reli na kwa njia za miguu. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilishikwa nayo likiwa njiani. Vita vilipokwisha mwezi wa Novemba wapagazi na askari walirudishwa makwao, na homa ikarudi pamoja nao mpaka vijijini. Katika Tanganyika waliokufa walikuwa makumi ya maelfu. Matabibu wa mataifa yote hawakuwa na dawa. Wengi wao walidhani kwamba chanzo ni bakteria, na virusi vya homa hiyo kwa wanadamu havikutambuliwa mpaka mwaka 1933.

Yafaa kufikiri hali ya mtu wa pwani katika wakati huo. Wajerumani walikuwa wameondoka, nao walikuwa wameacha kumbukumbu ya Vita vya Majimaji vya miaka 1905 hadi 1907, pamoja na njaa iliyofuata. Waingereza walikuwa wamekuja, na kazi yao ya kwanza kuonekana ilikuwa kuchukua wapagazi. Basi homa ile haikuvunja imani ya watu kwa wenye mamlaka, kwa kuwa mamlaka hayo hayakuwa yameaminiwa bado. Ilichofanya ni kuonyesha kwamba bwana mpya, kama bwana wa zamani, aweza kuchukua watu lakini hawezi kuwaponya.

Imani isiyo na mahali pa kukaa juu hutafuta mahali pa kukaa chini. Katika miaka ileile ngoma ya beni, iliyoanzia katika miji ya pwani ya kaskazini, ilienezwa na askari na wapagazi mpaka sehemu za mbali za Tanganyika na ng'ambo yake. Vyama vyake, Marini na Arinoti, vilikuwa na vyeo, sare na mashindano. Lakini zaidi ya kucheza, vilikuwa vyama vya kusaidiana. Mwanachama aliyekuwa mgonjwa alitazamwa, na aliyekufa ugenini alizikwa kwa heshima. Maofisa wa Kiingereza waliviogopa vyama hivyo, wakadhani kwamba ndani yake mna siasa ya siri. Siri ilikuwa ndogo kuliko walivyodhani. Mtu aliyekuwa ameona wenziwe wakitupwa kando ya njia bila sanda alikuwa na haja ya chama ambacho kitamzika.

Nchi nyingine zilikuwa na habari kama hizo. Terence Ranger, aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, ndiye aliyeandika kitabu kikubwa juu ya beni. Tena ameeleza jinsi homa ya mwaka 1918 katika Rhodesia ya Kusini ilivyowafanya watu wengi kuipa kisogo dawa ya Kizungu, na jinsi makanisa ya manabii yaliyoponya kwa sala yalivyopata nguvu baadaye. Huko pia kushindwa kwa tabibu kulifungua mlango kwa mponyaji mwingine.

III. Maradhi yaliyopewa jina na Wamakonde

Habari ya pili ni ya namna nyingine, nayo ina sifa ya pekee katika historia ya lugha za Afrika ya Mashariki. Katika mwaka 1952 ulizuka ugonjwa katika nchi ya juu ya Wamakonde, wilayani Newala. Mtu alishikwa ghafula na homa kali, na viungo vyake vikamwuma hata akashindwa kusimama wima. Wenyeji waliuita *chikungunya*, kutokana na neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja au kupindika. Silabi ya kwanza ni ngeli ileile ambayo Kiswahili huitamka *ki-*. Jina lilieleza umbo la mgonjwa alivyoonekana mlangoni pake.

Robinson na Lumsden, waliouchunguza ugonjwa huo, walichapisha maelezo yao mwaka 1955. Walilichukua jina kama walivyolisikia. Uchunguzi wao ulitazama pia maisha ya watu. Nchi ya juu haina mito; maji yaliteKwa mabondeni kwa kazi nyingi au kukingwa wakati wa mvua, kisha yakawekwa ndani ya nyumba katika vyombo, na katika vyombo hivyo mbu aliyebeba ugonjwa alizaana. Basi ugonjwa ule ulikuwa pia ni habari ya taabu ya maji, nayo wenyeji waliijua kuliko mtu yeyote.

Tangu hapo neno hilo la Kimakonde limezunguka dunia. Lilitajwa Lamu na Mombasa mwaka 2004, Visiwa vya Komoro mwaka 2005, Réunion mwaka 2005 na 2006 ambako kama theluthi ya wakazi waliugua, kisha Bara Hindi, na kuanzia mwaka 2013 visiwa vya Karibi. Wataalamu wa mataifa hulitamka bila kujua Newala iko wapi.

Pwani ilikuwa imekwisha kutoa jina jingine kabla ya hilo. James Christie, tabibu aliyekaa Unguja na kuandika kitabu juu ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki, aliona mwaka 1870 ugonjwa wa homa na viungo ambao watu wa Unguja waliuita *kidinga pepo*, na wazee wakamwambia kwamba uliwahi kuja mwaka 1823. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba jina la kimataifa la *dengi* limetokana na neno hilo la Kiswahili, na D. E. Carey, aliyeandika mwaka 1971, alionyesha sababu za kudhani kwamba ugonjwa ule wa Unguja ulikuwa chikungunya yenyewe. Ikiwa ni hivyo, ugonjwa mmoja wa pwani hii umepewa majina mawili na wenyewe, na yote mawili yamekubaliwa na ulimwengu.

Jambo la kuangaliwa hapa si fahari ya jina tu. Katika mwaka 1952 nchi ilikuwa chini ya ukoloni, na watu wa Jimbo la Kusini walikuwa wametoka kushuhudia mradi mkubwa wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuanguka baada ya miaka michache, ukaacha nyuma yake bandari ya Mtwara. Hawakuwa na sababu kubwa ya kuiamini serikali. Hata hivyo katika jambo hilo moja mgonjwa na mtabibu walisema neno moja. Aliyeuliza aliuliza kwa jina la wenyeji, na aliyejibu alijibu juu ya kitu alichokiona mwenyewe. Hiyo ndiyo chembe ya imani: kwamba mwenye mamlaka amekubali kwamba mtu wa kijijini anakijua anachokisema.

IV. Gesi ya Madimba

Kati ya miaka ya 1950 na korona yako mambo mengi ambayo si ya maradhi, lakini moja haliwezi kupitwa, maana limetokea Madimba penyewe. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982. Serikali ilipoanza mwaka 2012 kujenga bomba la zaidi ya kilomita 500 la kuipeleka Dar es Salaam, watu wa Mtwara waliuliza watabakiwa na nini. Tarehe 27 Desemba 2012 waliandamana kwa wingi. Januari 2013 zilitokea ghasia Mtwara na Masasi. Tarehe 22 Mei 2013, hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, ghasia zilizuka tena. Majengo yalichomwa, watu walikufa, na askari wa jeshi wakapelekwa mjini. Bomba lilimalizika, kiwanda cha kusafisha gesi kikajengwa Madimba, na Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete akazindua kazi hiyo.

Miaka mitatu baadaye lilikuja jambo la korosho. Novemba 2018 Rais John Magufuli aliamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Bei ilifurahiwa, malipo yalichelewa. Uhakiki uliwekwa ili kuwatenga wafanya biashara ya *kangomba*, yaani wanaonunua korosho za wakulima kwa vipimo visivyo halali na kwa bei ya chini kabla ya mavuno. Wakulima wengi wakangoja.

Basi korona ilipokuja, mtu wa Madimba alikuwa na hesabu yake mkononi. Alikuwa ameona serikali yenye nguvu ya kufikisha bomba Dar es Salaam na ya kuleta malori ya jeshi kwenye maghala. Nguvu hakuitilia shaka. Alichokitilia shaka ni kama ataulizwa kabla ya nguvu hiyo kutumiwa.

V. Miezi ya kuachwa

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba korona imekuwa janga la dunia nzima. Tarehe 16 Machi Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, na kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule. Lakini misikiti na makanisa ya Tanzania Bara hayakufungwa, masoko hayakufungwa, wala watu hawakuzuiwa kutoka nyumbani. Mwezi wa Aprili Rais aliagiza siku tatu za maombi ya taifa. Tarehe 3 Mei alisema kwamba vipimo vya mapapai na vya mbuzi, vilivyopelekwa kwenye maabara kwa majina ya watu, vilirudi na majibu ya korona. Hesabu ya wagonjwa ilisimama kwenye 509 na vifo 21, nayo haikuongezwa kwa zaidi ya mwaka. Mwezi wa Juni ilitangazwa kwamba nchi imeokolewa, na tarehe 29 Juni shule zote zikawa zimefunguliwa.

Wengi walioandika kutoka nchi za nje walidhani kwamba kunyamaza huko kungeivunja imani ya watu mara moja. Haikuwa hivyo. Kwa mvuvi wa Msimbati ambaye akikosa kwenda baharini leo hapati chakula cha leo, serikali isiyomfungia mlango ilikuwa imemtendea wema aliouona kwa macho. Alijua pia yaliyotokea kwa jirani. Mombasa, tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya amri ya kutotoka usiku, polisi waliwapiga watu waliokuwa wakingoja kuvuka kivuko cha Likoni. Mwezi wa Mei Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa, na watu wengi wakasita kwenda kupimwa, kwa kuogopa kuchukuliwa na kuwekwa karantini. Mkono wa kwanza wa serikali ulikuwa umekuja na rungu, na ule wa pili uliokuja na kipimo ulidhaniwa kuwa mkono uleule.

Hata hivyo kuachwa kulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo ililipwa katika maisha ya jamii. Salamu ya mkono iliingia mashaka. Mazishi, ambayo katika pwani ndiyo kipimo cha ujirani, yaligeuka kuwa jambo la kuulizana: nani aoshe maiti, nani ashuke kaburini, na je, kukaa matanga ni haki ya marehemu au ni hatari kwa walio hai? Picha za mazishi ya usiku, yaliyosimamiwa na watu waliovaa nguo za kujikinga, zilipita katika simu za watu nchi nzima. Mtu asiyeambiwa idadi ya waliokufa huhesabu mwenyewe, na huhesabu matanga aliyokwenda.

Maneno ya wakati huo yanaonyesha mambo mawili yakienda pamoja. *Nyungu*, ambayo ni chungu, na ambayo katika uganga wa pwani ni kujifukiza kwa mvuke wa majani, iliingia katika hotuba za viongozi na katika nyumba za watu wa dini zote. *Barakoa*, iliyokuwa utaji wa uso wa wanawake wa Kiarabu, ilipewa kazi mpya ya kuziba pua na mdomo, na ikakubalika upesi. Hayo ni maneno ya zamani yaliyopanuliwa, nayo yalieleweka na watu wote. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2021, maradhi yalipopanda tena, lilisikika neno la namna nyingine, *changamoto ya upumuaji*. Neno hilo halikutoka kwa mgonjwa. Lilitumika mahali ambapo jina lenyewe halikuweza kutajwa, na watu walilirudia kwa mzaha, wakijua vema ni nini kilichofichwa chini yake. *Chikungunya* lilikuwa jina lililoonyesha mwili wa mgonjwa. *Changamoto ya upumuaji* lilikuwa jina lililoufunika.

Ukimya ulianza kuvunjwa na wenye imani ya watu kwa njia nyingine. Januari 2021 maaskofu Wakatoliki waliwaonya waumini wao kwamba wimbi jipya limekuja. Chama cha ACT-Wazalendo kilisema wazi kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameambukizwa, naye akafariki tarehe 17 Februari 2021. Siku chache baadaye Rais Magufuli mwenyewe aliwahimiza watu kuvaa barakoa zilizoshonwa nchini. Tarehe 17 Machi 2021 ilitangazwa kwamba Rais amefariki kwa maradhi ya moyo, na tarehe 19 Samia Suluhu Hassan akaapishwa.

Katika mlango wa Ruvuma siku hizo zilikuwa na uzito mwingine. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kilicho karibu na mto, kilishambuliwa na watu wenye silaha waliotoka upande wa Msumbiji, na tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ng'ambo ya pili ulivamiwa, na maelfu wakakimbia. Mgeni aliyevuka mto hakuulizwa tu kama ni mgonjwa, aliulizwa pia kama ni adui. Maswali mawili hayo yakiulizwa pamoja, ujirani wa kale wa kuvuka na kupokeana huwa mgumu.

VI. Siku ya kuguswa

Serikali mpya iliunda kamati ya wataalamu, ikapokea dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen, na tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam. Ndipo tofauti ya imani mbili ilipoonekana. Serikali iliyopendwa kwa kutowagusa watu ilikuja sasa kuwagusa. Tena Januari ya mwaka huohuo watu walikuwa wameambiwa, na Rais wao wakati huo, kwamba chanjo za nje hazifai. Chama kilichotawala kilikuwa kilekile, na hata ndani yake walitokea wenye kuipinga chanjo hadharani. Mtu aliyekataa hakuwa lazima mjinga. Aliweza kujibu kwamba alikuwa akishika neno aliloambiwa na serikali.

Haifai kudhani kwamba watu wa pwani na wa nchi ya juu walichukia kuchanjwa kwenyewe. Neno *chanjo* limetokana na *kuchanja*, nalo ni la zamani kuliko sindano. Mganga huchanja chale na kutia dawa ndani yake. Na Wamakonde walijulikana mbali kwa michoro iliyochanjwa usoni na kifuani, mpaka desturi hiyo ilipofifia katika karne ya 20. Mwili ulifunguliwa kwa wembe ili kuponywa, na ulifunguliwa ili mtu ajulikane ni wa nani. Chanjo ya ndui nayo ilikubaliwa kila mahali, hata mgonjwa wa mwisho duniani aliyeipata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mtu wa Marka, katika pwani ya Somalia, mwaka 1977. Swali halikuwa kama mwili uchanjwe. Swali lilikuwa nani ashike wembe, na kwa faida ya nani.

Hofu nayo ilikuwa na msamiati wake. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya Frederick Johnson yaeleza *mumiani* kuwa dawa nyeusi mfano wa utomvu, kisha yaongeza kwamba watu wengi waliamini kuwa ni damu ya wanadamu, na uvumi wake ukienea mji mzima huogopa kutoka usiku. Mwanahistoria Luise White ameonyesha kwamba uvumi wa namna hiyo katika Afrika ya Mashariki ulikuwa njia ya watu kusema juu ya mamlaka yanayochukua bila kurudisha. Uvumi wa mwaka 2021, uliosema kwamba chanjo huondoa uzazi au huua baada ya miaka, ulipita katika simu na si barazani, lakini ni wa ukoo huo. Mtu aliyeona gesi ikiondoka kwa bomba hashindwi kuelewa habari ya damu inayoondoka kwa sindano.

Mwishoni mwa mwaka 2021 waliochanjwa walikuwa wachache sana kwa hesabu ya nchi nzima. Kufika mwaka 2023 walikuwa wamefika kama nusu ya watu wote. Badiliko hilo halikuletwa na amri. Liliitwa Mpango Shirikishi na Harakishi, na neno la kwanza lilikuwa na kazi kubwa kuliko la pili. Wahudumu wa afya walitoka vituoni wakaenda nyumba kwa nyumba, kwenye minada, misikitini na makanisani, wakifuatana na wenyeviti wa vitongoji na viongozi wa dini. Mwenye kuleta sindano alikuwa sasa mtu ambaye jina la babake lajulikana, na ambaye kesho atakutwa msibani.

Neno lenyewe la ugonjwa lilipata mwisho usiotazamiwa. *UVIKO-19*, lililoundwa kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiswahili, lilikuwa jina la maofisini na lisilo na sura. Lakini Oktoba 2021 serikali ilitangaza kutumia mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, wa shilingi trilioni 1.3, na sehemu moja ya fedha hizo ilijenga vyumba vya madarasa 15,000. Watu waliviita madarasa ya Uviko. Jina lililoshindwa kuwakaa watu midomoni kama ugonjwa liliwakaa kama darasa, kwa kuwa sasa lilikuwa na kitu kinachoonekana.

VII. Mwisho

Kwa kuyakusanya hayo, mambo matatu yaweza kusemwa. La kwanza ni kwamba maradhi yaeneayo hayaanzi historia ya imani, huiendeleza. Homa ya mwaka 1918 iliwakuta watu waliokwisha kuchukuliwa wapagazi, na korona iliwakuta watu waliokwisha kuuliza juu ya gesi wakajibiwa kwa jeshi. La pili ni kwamba serikali yaweza kupendwa kwa kuwaacha watu, lakini upendo huo hauwi akiba ya siku ya kuwagusa. Akiba hiyo huwekwa kwa namna nyingine: kwa kusema jina la kitu, kwa kutaja idadi ya waliokufa hata ikiwa yaumiza, na kwa kuuliza kabla ya kuchukua. La tatu ni kwamba imani ikikosa mahali juu hushuka chini, ikakaa katika chama cha beni, katika msikiti na kanisa, kwa mwenyekiti wa kitongoji. Na mtawala atakaye kuwafikia watu hana budi kushuka huko huko kuikuta.

Kwa wachunguzi wa lugha iko kazi iliyobaki. Maneno ya korona katika Kiswahili yamekusanywa kwa sehemu kubwa kutoka magazetini na katika matangazo. Maneno ya Kimakonde, Kimwani, Kiyao na Kimakua, ambayo watu wa Ruvuma walijielezea kwayo homa, pumzi na msiba wa miaka hiyo, yafaa kuandikwa wakati waliyoyasema wangali hai. Katika mwaka 1952 neno moja kutoka Newala liliwafundisha matabibu wa dunia. Hapana sababu ya kudhani kwamba lilikuwa la mwisho.